Kabla Hujatia Bamia Kwa Maji

Wasee, kuna video inazunguka: mtu anakata bamia, anazitumbukiza kwa jagi la maji, anangoja, halafu anakunywa akisema ametoa plastiki yote. Mmenijazia inboksi mkiuliza kama ni ukweli. Ni nusu ukweli. Ile nusu ingine inaweza kukulaza hospitali.

Utafiti wenyewe upo. Rajani Srinivasan na wenzake, wa Chuo Kikuu cha Tarleton State kule Texas, walitoa ule utelezi wa bamia na uwatu, wakaukausha ukawa unga. Ukiingia kwa maji, unashika vile vipande vidogo vya plastiki, vinaungana, vinakuwa vizito, vinazama. Walichapisha 2025, na majaribio mengine yalitoa karibu 90%. Poa sana. Lakini wao wanafikiria mitambo ya kusafisha maji, mahali maji yakitoka hapo bado yanatiwa dawa. Jagi lako halina hiyo dawa. Bamia haiui kipindupindu wala taifodi, na mabaki yake ni chakula cha bakteria. Acha hayo maji mezani usiku mzima uone vile yatanuka.

Kuna ya sumaku pia. Fionn Ferreira wa Ireland alikuwa na miaka 18 tu aliposhinda Google Science Fair 2019: mafuta na unga wa chuma vinashika plastiki, sumaku inavuta vyote. Huyo jamaa namvulia kofia. Lakini jikoni kwako, nani atahakikisha mafuta na chuma vimeisha kwa maji?

Ile imenishangaza ni ya shosho: kuchemsha. Watafiti wa Guangzhou, China, walionyesha 2024 kwamba ukichemsha maji yenye chokaa nyingi kwa dakika tano, chokaa inaganda ikiwa imefunga plastiki ndani. Ukichuja, hadi 90% inatoka. Maji laini, yasiyo na chokaa, ni kama 25% tu. Kwa hivyo chungulia birika lako. Kama lina ukoko mweupe, una bahati. Sisi tunaokunywa maji ya Ndakaini, yanayoshuka kutoka Aberdare, yetu ni laini, tuko upande wa 25. Lakini vijidudu vinakufa kote kote, na hapo ndipo mimi nasimama. Hata Shirika la Afya Duniani, 2019, lilisema vijidudu ndio vishughulikiwe kwanza.

Na usikimbilie maji ya chupa. Utafiti wa Columbia wa 2024 ulipata vipande kama 240,000 kwa lita moja.

Sasa filta. Juzi kuna muuzaji alitaka nimtangazie moja, na pesa aliyotaja ni kodi yangu ya miezi miwili. Nikamuuliza: matundu yake ni madogo kiasi gani? Nani ameipima? Katriji inabadilishwa lini, na ni pesa ngapi? Alinitumia picha ya msichana anatabasamu akishika glasi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili juu ya karo, lakini hayo maswali hayahitaji digrii. Nikakataa, na mwenye nyumba bado ananipigia simu.

Filta nzuri zipo, si kwamba zote ni uongo. Zile za utando mwembamba kabisa, unaosukumiwa maji kwa presha, zinazuia plastiki. Shida ni kwamba utando wenyewe mara nyingi ni plastiki, na maji mengi yanamwagwa ndiyo machache yatoke safi. Kwa mtu anayepandisha mtungi hadi ghorofa ya sita, hiyo ni matusi.

Kwangu nachemsha, naacha yatulie, namimina polepole nikiacha machicha chini, halafu naweka kwa chungu cha udongo chenye kifuniko. Gesi inaisha haraka, sikatai. Nikichemshia chai asubuhi, naongeza maji ya kunywa ya siku nzima hapo hapo.