Sabufa isimtoe mzee sebuleni!

MSOMAJI wangu, kuna ugonjwa umetapakaa mjini, hauna chanjo wala mitishamba. Mtu akipata mshiko kidogo tu, kabla hajanunua hata godoro la maana, anakimbilia dukani kubeba sabufa. Kitu na boksi! Akifika nyumbani anazipanga spika zote tano juu ya kabati la televisheni kama matofali ya kuchoma, anafungulia mpaka vikombe vinacheza, halafu anauliza wageni: "Mnaisikia hiyo?"

Tunaisikia bwana. Tatizo ni kwamba hatusikii kitu kingine.

Mimi riziki yangu ni kufunga muziki kwenye sebule za watu hapa Arusha. Nimeingia nyumba za Njiro, nimeingia za Sakina, kote ni hadithi ileile. Lakini leo nawapeleka mbali kidogo, kijijini kwetu Ololosokwan, tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro. Kaskazini kwetu ni Kenya, magharibi ni Serengeti. Na usidhani kule watu wamelala. Redio ya jamii ya Loliondo FM iko kwetu, na mwaka 2016 UNESCO na kampuni ya Samsung walizindua hapohapo kijiji cha kidijitali chenye darasa la intaneti linalotumia umeme wa jua. Kwa hiyo sola tunaijua, king'amuzi tunakijua, na sabufa, ohoo, hiyo ndiyo usiseme!

Mdogo wangu, ambaye ndiye anakaa na wazazi, alinipigia simu jioni moja.

"Kaka, nataka kuuza dume mmoja. Nitafutie muziki mkubwa kuliko huu."

"Huo uliopo una nini?"

"Mdogo. Mzee hasikii taarifa ya habari. Siku hizi hata sebuleni haingii."

Hapo nikanyamaza. Wewe wa mjini unaweza kuona dume mmoja ni kitu kidogo, nyama choma ya wikiendi. Lakini baada ya ukame wa 2021 na 2022, mfugaji wa kaskazini aliyebakiwa na dume mzuri hamtoi kwa ajili ya kelele. Na lile la mzee kutoingia sebuleni lilinichoma zaidi. Baba yetu na taarifa ya habari ya saa mbili usiku ni pete na kidole. Tangu Juni 2022, vigingi vilipowekwa Loliondo kutenga eneo la kilomita za mraba 1,500, ndiyo kabisa hataki limpite neno moja la mambo ya ardhi na malisho. Mtu wa namna hiyo akihama sebule yake mwenyewe, ujue kuna jambo.

Nikamwambia dogo asiguse mnyama, nakuja.

Nilimkuta mzee nyumba ya yeyo, amekumbatia karedio kake ka betri. Nikainamisha kichwa, akanigusa utosini kama desturi, halafu akaanza mashtaka: "Ero, kile kitu chenu kinanguruma kama simba aliyeshiba. Kusema hakisemi."

Nikaingia sebuleni kukagua. Jamani! Spika ya katikati imesukumwa ndani ya kabati, nyuma ya glasi za wageni, na juu yake imefunikwa kitambaa cha kufuma. Zile mbili za nyuma zimesimama mbele, zimeegemeana na za mbele. Sabufa imebanwa kwenye kona, na juu yake kuna maua ya plastiki. Televisheni inatazama mlango wa nje. Kiti cha mzee kiko dirishani, upande kabisa, yeye na muziki hawatazamani.

Sasa nikupe somo kidogo, halina ada. Huu mfumo wa spika tano na sabufa moja ulitinga kwenye majumba ya sinema kwa sauti ya Dolby ya kidijitali mwaka 1992, na filamu ya Batman Returns, ndipo baadaye ukashuka majumbani. Kila spika ina kazi yake. Ya katikati ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya maneno. Ya kushoto na ya kulia ni muziki na mikikimikiki. Za nyuma zinaleta upepo, mvua na kelele za umati. Sabufa ni mngurumo tu, sauti zile nzito za chini ya hezi 120 hivi. Ukifungia ya katikati kabatini na ukaiweka sabufa kwenye kona, ambako kuta zinaukuza mngurumo, umemziba mdomo anayeongea na umempa kipaza sauti anayekoroma.

Mzee alitufuata akasimama mlangoni, fimbo begani. Nikamwambia: "Baba, ni kama wimbo wetu. Huyu wa katikati ndiye olaranyani."

Kwa wasiojua, sisi Wamasai nyimbo zetu za asili hazina ngoma. Besi inatoka kooni. Olaranyani anaanzisha, anatupa maneno, na kundi linamjibu kwa ule mvumo mzito. Wote wakivuma halafu olaranyani asisikike, hakuna wimbo, ni kikohozi cha watu wengi.

Mzee akaangalia kabati, akaangalia kitambaa. "Kwa hiyo olaranyani mmemfungia na vikombe?"

Dogo akatazama chini.

Kazi ikaanza. Kwanza nyaya. Kutoka kwenye king'amuzi kwenda kwenye muziki kulikuwa na zile mbili tu, nyekundu na nyeupe. Hizo zinapeleka sauti ya kushoto na ya kulia, basi. Ukitaka sauti zote tano zifike kila moja na njia yake, unahitaji waya wa HDMI au ule wa mwanga, na kipindi chenyewe kiwe kimerekodiwa hivyo. Zile kanda za Lufufu tulizokulia nazo hata uzipe spika ishirini, msimulizi na wahusika wanatoka tundu moja. Lakini muziki wa dogo una kitufe cha Pro Logic ambacho tangu anunue hajawahi kukibonyeza. Kazi yake ni kuchukua sauti iliyo sawa kushoto na kulia na kuipeleka katikati. Na msoma habari sauti yake huwa hivyohivyo, sawa pande zote. Nikabonyeza. Sumni sikutoa.

Pili, kiti. Hapa ndipo kimbembe kilipoanza. Dogo akasema mzee ahamie kwenye kochi, ndiko kati. Mzee akasema kiti chake hakiendi popote, kwa sababu pale dirishani anaona lango la boma ng'ombe wakiingia jioni. Mimi nikamuunga mkono mzee. Spika ndizo zenye nyaya za kurefusha, binadamu hana.

Basi tukageuza sebule nzima. Televisheni ikahamia ukuta unaotazamana na kile kiti. Chini yake olaranyani, ameinuliwa kidogo kuelekea sikioni, hana kitambaa. Ukitaka vipimo, ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, wana mchoro wao: spika ya katikati uso kwa uso na msikilizaji, kushoto na kulia nyuzi 30 kila upande, na zile nyingine mbili nyuzi 100 hadi 120, yaani pembeni, nyuma kidogo ya masikio. Siyo kisogoni kabisa! Sabufa tukaitoa konani, ikasogea hatua mbili kando ya ukuta, na sauti yake nikaishusha nusu.

Tatu, nyumba yenyewe. Sakafu ya saruji, bati bila dari: maneno yanagonga, yanarudi, yanagongana na wenzao. Sikumtuma mtu mjini kununua zulia. Tulitandaza ngozi mbili za ng'ombe sakafuni na kutundika blanketi zito ukutani nyuma ya kiti. Ukipiga kofi kabla na baada, unasikia tofauti mwenyewe. Mvua ikipiga bati ni habari nyingine, hapo hata Dolby mwenyewe angesubiri ikatike.

Dogo alikuwa bado hajakata tamaa. "Kaka, lakini mkubwa ungekuwa bora." Nikamkalisha tukapiga hesabu ya sola. Betri yake ni ya volti 12, saa-ampea 100, ambayo ni kama wati-saa 1,200. Betri ya maji ya asidi ukiitumia zaidi ya nusu unaiua haraka, kwa hiyo ana 600 za kula kwa usiku mmoja. Televisheni, taa na muziki alionao vinakula kama wati 100: saa sita. Alete dude la kula wati 200 peke yake, jumla inapita 250, betri inakwisha kwa saa mbili na kidogo. Mzee atasikia muhtasari wa habari vizuri sana, halafu giza. Na zile namba za maelfu zilizochapwa kwenye boksi zikiwa na herufi PMPO ni za kukutisha tu. Tafuta palipoandikwa RMS, ndipo ukweli ulipo.

Saa mbili usiku ikafika. Mzee kwenye kiti chake, yeyo mlangoni, watoto kwenye ngozi. Msoma habari akafungua mdomo, na dakika ya pili mzee akainua mkono: "Punguzeni, anapiga kelele." Dogo akanitazama. Tulipunguza mara mbili. Ilipofika habari ya mifugo, mzee akaanza kubishana na waziri kwenye televisheni, neno kwa neno. Tukajua amesikia.

Dume yuko zizini hadi leo. Ila sitawadanganya kwamba dogo alifurahi. Alinifuata nje akaniambia kwa uchungu: "Sasa mtu akipita nje atajuaje kama tuna muziki?"

Hilo ndilo swali, wapendwa. Sabufa nyingi hazikununuliwa zisikike na waliomo ndani, zimenunuliwa zisikike na wapitao njia. Sikumcheka. Kijana naye anataka aonekane kwamba ana kitu, na kwetu heshima ya kijana siyo jambo la mzaha. Tukakubaliana siku ya sherehe sabufa itoke uani, ingurume itakavyo, wageni wacheze. Siku nyingine zote sebule ni ya maneno.

Kwa hiyo wewe wa Sinza, wa Kijenge, wa Buguruni, kabla hujauza simu au kukopa kwa ajili ya spika kubwa zaidi, fanya hivi: kaa kwenye kiti cha yule anayelalamika kwamba hasikii. Kaa hapo dakika kumi. Kama olaranyani yuko kabatini, mtoe. Kama sabufa iko konani, isogeze. Ikigoma baada ya hapo, ndipo tuongee biashara.

Wiki njema, na hiyo besi ishushe kidogo. Jirani ana mtoto mchanga!