Uvumi Uliojithibitisha

Mnamo Oktoba 1973, vita vya Mashariki ya Kati vilipandisha bei ya mafuta. Nchini Japani serikali iliwasihi wananchi wabane matumizi ya karatasi, na muda si muda akina mama wa Senri, karibu na Osaka, wakaambiana kwamba karatasi za chooni zitaadimika. Viwandani kazi haikuwa imepungua. Hata hivyo, aliyezoea kununua paketi moja alichukua nne, na jirani aliyeucheka uvumi alipofika dukani alasiri alikuta rafu tupu.

Huyu wa pili ndiye wa kutazamwa. Hakuwa mjinga, alijifunza kwa kuona, na kesho yake alipanga foleni kabla duka halijafunguliwa. Ushahidi uliombadili ulikuwa umetengenezwa na hofu ya majirani zake, naye sasa akawatengenezea wengine ushahidi. Foleni zikaenea mikoa mingine. Karatasi zilikuwapo, tena tele, ila kabatini.

Matangazo ya kutuliza watu hayakufua dafu mbele ya rafu tupu. Viwanda viliendelea kuzalisha, mizigo ikafika, na mama aliyeikuta bidhaa asubuhi na jioni akarudia kununua paketi moja.