Mgomba Wenye Namba

Wahenga wa pwani walinena kuwa mgomba changaraweni haupandwi ukamea. Bibi mmoja wa Ngara, ambaye shamba lake limelala mteremkoni, hajapata kuusikia msemo huo. Yeye huitandazia migomba yake nyasi na samadi, ikamea. Maadui zake walikuwa wengine: fukusi na minyoo ya mizizini, na ugonjwa wa madoa meusi unaokausha majani kabla mkungu haujanenepa.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 mradi uliofadhiliwa na Ubelgiji ulileta Kagera miche yenye kustahimili hayo. Mmoja, Yangambi Km 5, asili yake Kongo. Mingine ilizalishwa Honduras na kupewa namba mithili ya magari: FHIA-17, FHIA-23. Bibi akapanda wa namba. Mkungu ulikuwa mkubwa ajabu. Nyumba nzima ikala, ikashiba, kisha mumewe akauliza: "Na ndizi zenyewe ziko wapi?"

Tangu hapo wa namba ukawa wa kushibisha, na matoke ya zamani yakawekewa wageni.

Kisha ukaja mnyauko. Ulijulikana Ethiopia tangu 1968, ukabainika Uganda 2001, na Kagera 2006. Majani hunyong'onyea, ndizi huiva kabla ya wakati na kuoza ndani, na shina likikatwa hutoa utomvu wa manjano. Hapa namba haikufaa kitu, kwani hakuna mgomba wa kulimwa unaosalimika kabisa. Pisang awak, wenye ndizi za pombe, ndio huumia upesi, maana wadudu hulipenda ua lake. Dawa ni kulivunja ua hilo mapema kwa kijiti chenye panda, si kwa panga. Panga lisilopitishwa motoni hubeba maradhi toka shina hadi shina.

Hilo ndilo lililomwingiza Bibi katika aibu. Kunyimana chipukizi kulikuwa uchoyo. Bintiye aliyeolewa Biharamulo alipoleta salamu kuomba mbegu ya matoke ya nyumbani, yalikuwa yamebaki mashina mawili.

"Mwambie mwanangu asubiri," akamjibu mjumbe, "nisije nikampelekea msiba."

Akayafunga mashina yale kamba ya mgomba, apate kuyatambua. Yakizaa tena pasi na dalili, atang'oa chipukizi.