Haya Si Woga



Wazazi wenzetu, wiki hii twaomba ruhusa tusimulie kosa letu wenyewe, huenda likamfaa mwenye kijana anayeanza kazi ya ofisi.

Binti wa ndugu yetu, mzaliwa wa Msambweni, alihitimu masomo ya ukatibu akapata kazi katika ofisi moja mjini Kwale. Alipokuja kutuaga tulimpa nasaha, nasi tukijiona tumenena hekima: "Mwanangu, shika haya. Mkubwa akisema, wewe nyamaza, uandike." Akaitikia, "Inshallah, ami," akaenda zake.

Mwezi wa pili, mkuu wake alimsomea barua ya kuwaita wazee kikaoni siku ya Jumatano, tarehe 15. Tarehe 15 ilikuwa Alhamisi. Binti aliliona kosa hilo kabla hajamaliza kupiga chapa, akanyamaza. Barua zikaenda. Wazee wengine wakafika Jumatano, wengine Alhamisi. Wako waliotoka Vanga na Kinango, wakatoa nauli, wakapanda kilima cha Kwale, wakakuta mlango umefungwa. Lawama zote zikamshukia yeye. Alirudi nyumbani akilia, akisema kazi haiwezi tena.

Tukamwuliza, "Kwani hukuliona kosa?"

Akajibu, "Niliona, ami. Lakini si ni wewe uliyeniambia ninyamaze?"

Hatukuwa na jawabu.

Usiku ule tulimkumbuka Zayd bin Thabit, radhi za Allah ziwe juu yake. Alikuwa kijana alipokuwa mwandishi wa Mtume (s.a.w.). Alipoamrishwa kujifunza maandishi ya Mayahudi ili nyaraka zao zisomwe na mtu mwaminifu, yapokewa kwamba aliyamudu kwa muda wa nusu mwezi. Na Sayyidna Abubakar alipomtaka aikusanye Qur'ani, Zayd hakuinamisha kichwa tu. Aliuliza kwa adabu vipi wafanye jambo ambalo Mtume hakulifanya, wakajadiliana mpaka moyo wake ukatulia. Huyo ni katibu mbele ya khalifa. Je, nani atasema Zayd hakuwa na haya?

Basi tulimwambia binti yetu, "Tulikosea sisi. Haya humzuia mtu na ubaya. Linalomzuia kusema lililo sawa ni woga. Kesho rudi kazini."

Lakini neno la faraja peke yake halimjengi mtu. Kujiamini ni mazao ya kazi, na kazi ina njia zake. Tulikaa naye na dada yake mkubwa, ambaye ameitumikia kazi hiyo miaka mingi, tukayapanga haya. Akisomewa barua, aandike, kisha amsomee mkuu wake kabla haijatoka. Kalenda iwe mezani, na kila tarehe ilinganishwe na siku yake. Awe na daftari la barua zinazoingia na zinazotoka. Simu ikilia, aandike jina, nambari, haja na saa. Katika kumbukumbu za mkutano, yaonekane yaliyoamuliwa, atakayeyatenda, na lini. Siri za ofisi zibaki ofisini, kwani hizo ni amana.

La kumsahihisha mkubwa ndilo lililomtia hofu zaidi. Dada yake akajifanya mkuu, wakafanya mazoezi jikoni huku samaki wakikaangwa: "Samahani, naomba kuthibitisha. Tarehe 15 ni Alhamisi. Tuandike siku ipi?" Mara ya kwanza sauti haikutoka. Mara ya kumi ilitoka.

Wenye kutaka kujiendeleza wasidhani ni lazima wavuke kivuko cha Likoni. Chuo cha Serikali cha Matuga, kilicho papa hapa Kwale, huwafunza makatibu na watumishi wa umma.

Nanyi wakuu wa ofisi, mnalo fungu lenu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, yahusu uandishi wa deni. Yamtaka mwandishi aandike kwa uadilifu, kisha yakataza yeye kudhuriwa. Msaidizi anayeulizwa, "Umeona kosa lolote?" atasema. Anayekemewa kila afunguapo kinywa atanyamaza, na kikao kitaharibika.

Binti yetu bado yuko kazini, na bado siku nyingine hutetemeka. Mwezi uliopita tulimpa barua ya madrasa atupigie chapa. Ilirudi ikiwa na alama ndogo ya penseli pembeni: "Samahani ami, tarehe ya Hijria na ya Miladia hazilingani. Tuandike ipi?"

Tukaisahihisha, tukamshukuru Mola.

Wabillahi tawfiq.