Chungu cha Mama kwa Penseli

Julai, wakati wa likizo, mafrateri watatu tulikuwa katika parokia moja ya Iringa, na jioni tulichora vitu tulivyovipanga mezani: kikapu cha milulu cha hapo hapo Iringa, maparachichi mawili ya Rungwe, na chungu cha Wakisi. Chungu kilikuwa cha marehemu mama wa mmoja wetu, mzaliwa wa Kyela mkoani Mbeya. Vyungu hivyo hufinyangwa kwa mkono na wanawake wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, na kuuzwa sokoni Matema. Udongo huvunjika, mwenzetu alitaka kukichora kingali kizima.

Vitabu vya uchoraji vya Ulaya hushauri kukaa penye dirisha la kaskazini, ambako jua haliingii moja kwa moja. Kwetu Julai jua liko kaskazini, kwa hiyo meza tuliisogeza kwenye dirisha la kusini. (Baridi ya Iringa nayo ilikuja pamoja na mwanga.) Penseli ya HB ilitutosha kwa mistari ya kwanza, 2B kwa vivuli vyepesi, na 6B kwa giza la ndani ya chungu. Panapong'aa hapachorwi: ni karatasi yenyewe, imeachwa wazi.

Kazi ilikuwa kwenye masizi. Upande wenye masizi ulielekea dirishani. Upande wa pili, udongo mwekundu, ulikuwa kivulini. Akili husema masizi ni meusi, basi yakolezwe. Lakini ukifinya macho hadi rangi zipotee, unaona ule udongo wa kivulini ndio mweusi zaidi. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba maarifa yetu huanzia katika hisi. Darasani jambo hilo ni jepesi. Mezani, jina la kitu hufika kabla ya jicho.

Tulimwambia mwenzetu achore anachokiona. Akajibu, "Ndugu zangu, ninyi mnaona chungu. Mimi naona maharage ya miaka ishirini." Hatukuwa na jibu, na hata sasa tunaona alikuwa na haki ya kusema hivyo.

Hata hivyo aliendelea, jioni tatu, akipaka tabaka juu ya tabaka bila kukandamiza penseli. Jioni ya tatu akasimama. Chini kidogo ya mdomo wa chungu, ndani ya masizi, aliona mabaka mawili mepesi, moja kila upande. Ndipo mama yake alipokishika kwa kitambaa kila alipokiepua. Alikula kutoka chungu kile tangu utoto asiyaone. Aliyachora taratibu kwa HB, kisha akaomba tumwache peke yake.

Agosti chungu kilirudi Kyela kwa basi, kimefungwa katika blanketi. Dada yake anakipikia.