Singida, mji wa miamba na maziwa mawili: Mzazi, mtaro wa mtaani kwako una mwenyewe

Singida. Msafiri anayekuja mjini hapa kwa basi kutoka Dodoma, safari ya kilomita zipatazo 240, hujua amefika kabla hajaziona nyumba. Miamba mikubwa ya granaiti imekaa jiwe juu ya jiwe pembeni ya barabara, na watoto waliomo ndani ya basi hunyoosha vidole dirishani wakiuliza mbona hayaporomoki.

Kisha yanakuja maji. Ziwa Singidani na Ziwa Kindai, yote mawili ya chumvi, yamelala kwenye ubavu wa mji kiasi kwamba mtu anaweza kwenda sokoni na kupita ziwani kwa safari moja. Majira mengine huonekana ndege aina ya heroe na mwari wakitembea kwenye maji ya kina kifupi. Jioni, upepo wa Singida ukishaanza kuvuma, wazazi huwaleta watoto ukingoni kupunga hewa.

Ni mji wenye mengi ya kujivunia. Mafuta ya alizeti ya Singida yako jikoni kwa watu wengi nchini. Vitunguu vya soko la Misuna hupakiwa kwenye malori na kuvuka mipaka. Kuku wa kienyeji wa Singida husafirishwa hadi Dar es Salaam na jina lake linatosha kumpandisha bei.

Lakini mzazi anayetembea mitaani akiwa amemshika mtoto mkono ana kitu kingine cha kuangalia. Kiko chini, pembeni ya barabara, na mara nyingi hakionekani mpaka mtoto atumbukize mguu. Ni mtaro.

Miezi ya vumbi, miezi ya maji

Singida ina msimu mmoja wa mvua. Huanza kati ya Novemba na Desemba na kuisha karibu na Aprili. Miezi inayobaki ni ya jua, upepo na vumbi.

Katika miezi hiyo mikavu mtaro husahaulika, iwe ni Singida au mji mwingine wowote wa Kanda ya Kati. Upepo huleta mchanga, duka hutupa chupa, nyumba humwaga maji ya kufulia, na pampas ya mtoto ikikosa pa kwenda huishia humo humo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Juni 1, 2019, lakini chupa na vifungashio bado vipo. Kwa kuwa mtaro ni mkavu haunuki sana, na kwa kuwa haunuki hakuna anayelalamika.

Mvua ya kwanza ndiyo inayofichua siri hiyo. Maji yakikuta mtaro umejaa hupanda barabarani, huingia uani, hupita kwenye shimo la choo ambalo halikujengewa vizuri, kisha huteremka. Na Singida yana pa kuteremkia: ziwani. Hapo ndipo mji huu unapotofautiana na mingi. Singidani na Kindai hayana mto unaotoa maji kwenda baharini. Kinachoingia humo hubaki humo. Jua hunyonya maji na kuacha chumvi, pamoja na kila kitu ambacho mji ulikitupa mtaroni tangu Mei.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bwawa. Mita hizo huzuia uchafu wa nyumbani kufika ziwani moja kwa moja, na huzuia ziwa kuingia nyumbani kwa watu katika mwaka wa mvua kubwa.

Mtoto ndiye wa kwanza kulipa

Mtoto hucheza kwenye maji kwa sababu ni mtoto. Huingiza mkono mtaroni kufuata mpira, kisha mkono ule ule huingia mdomoni. Kuhara, minyoo na homa ya matumbo hupita njia hiyo. Maji yaliyotuama huzalisha mbu, na inzi wanaozaliwa kwenye taka na vinyesi husambaza vikope, ugonjwa wa macho ambao kwa miaka mingi umeitesa Kanda ya Kati. Kumwosha mtoto uso kila siku kwa maji safi ni sehemu ya kinga yake.

Yapo pia matatizo ya maji yasiyotoka mtaroni. Singida ni miongoni mwa mikoa yenye madini ya floraidi kwa wingi katika maji ya ardhini, sawa na Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Shinyanga. Kiwango kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayekunywa maji yanayozidi hapo wakati meno yake ya ukubwani yanatengenezwa, yaani katika miaka minane ya kwanza, anaweza kuota meno yenye madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki. Kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Mzazi anayetegemea kisima binafsi ana sababu nzuri ya kuuliza kama maji yake yamepimwa.

Kuuliza. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu hawajui wamuulize nani.

Taifa lilishajaribu miji bila madiwani

Kuna historia ambayo wazazi vijana hawakuishuhudia. Mwaka 1972, Serikali ilivunja mamlaka za serikali za mitaa katika mpango ulioitwa Madaraka Mikoani. Shughuli za halmashauri zikahamia kwa maofisa wa mikoa na wilaya. Lengo lilikuwa kupeleka maendeleo karibu na wananchi, hasa vijijini, lakini miji ikabaki bila mwenyewe. Hapakuwa na diwani wa kufuatwa nyumbani jioni na kuambiwa kwamba taka hazijazolewa.

Mitaro ikaziba, barabara zikachakaa, huduma za maji na uzoaji wa taka zikadorora. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kipindupindu kikaikumba nchi. Mwaka 1978 ikapitishwa sheria ya kurejesha halmashauri za miji. Sheria za mwaka 1982, Namba 7 kwa wilaya na Namba 8 kwa miji, zikaweka msingi unaotumika hadi leo, na mwaka 1984 mabaraza ya kuchaguliwa yakaanza tena kazi.

Kwa hiyo diwani wa leo ana asili yake. Taka, mitaro na kuhara vilikuwa miongoni mwa sababu za kurudishwa kwake mjini. Mwananchi anayemuuliza kuhusu mtaro hamwonei, anamkumbusha kazi.

Somo hilo halijazeeka. Agosti 2015 kipindupindu kililipuka Dar es Salaam na kusambaa katika mikoa mingi ya Tanzania Bara. Hadi mlipuko huo unapungua, watu zaidi ya 20,000 walikuwa wameugua.

Mtaro huu ni wa nani?

Mkoa wa Singida, ulioanzishwa mwaka 1963, haujapungukiwa sauti kwenye siasa za nchi. Mwigulu Nchemba ni wa Iramba, Tundu Lissu ni wa Ikungi. Hata hivyo, mtaro ulio mbele ya nyumba yako hauamuliwi na wanasiasa wa ngazi hiyo. Unaamuliwa na watu walio karibu zaidi, na ni vizuri kuwajua kwa kazi zao.

Uzoaji wa taka na usafi wa mji ni wa halmashauri ya manispaa. Barabara za mitaa na mitaro yake, tangu mwaka 2017, ziko chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA. Barabara kuu, kama ile iendayo Dodoma, Nzega au Babati, ni za TANROADS. Maji ya bomba na majitaka ni ya mamlaka ya maji, SUWASA, na malalamiko yasiyotatuliwa hapo yanaweza kupelekwa EWURA.

Mgawanyo huu una maana kiutendaji, lakini kwa mzazi unaweza kuwa mchezo wa kurushiana mpira. Taka zilizo ndani ya mtaro ni za nani, wa taka au wa mtaro? Jibu la kuzungushwa ndilo linaloacha mtaro umejaa mpaka mvua inyeshe. Ndiyo maana anahitajika mtu mmoja wa kuwakutanisha wote mezani, na huyo ni aliyechaguliwa.

Wa kwanza ni mwenyekiti wa mtaa. Alichaguliwa Novemba 27, 2024, katika uchaguzi ambao CCM ilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya mitaa yote nchini, huku vyama vya upinzani vikilalamikia kuenguliwa kwa wagombea wao. Mtaa ambao mgombea alikuwa mmoja una kazi ya ziada. Kama wakati wa kampeni hapakuwa na mtu wa kumuuliza maswali, maswali hayo yanabaki kwa wakazi kwa miaka yote mitano.

Ni haki pia kusema ukweli wa upande wake. Mwenyekiti si mwajiriwa na hana fungu la kuzibua mtaro. Mwenye ajira ni mtendaji. Mwenyekiti ana uwezo wa kuitisha mkutano, kuandika muhtasari na kuupeleka kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ndiye mwenyekiti. Kutoka hapo jambo huingia baraza la madiwani. Likiachwa mdomoni halifiki popote.

Mkutano ambao wazazi hawaendi

Mkutano wa mtaa ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Mara nyingi huitishwa mchana wa siku ya kazi, na wanaoufikia ni wachache. Mama yuko sokoni, baba yuko kwenye bodaboda, kijana anasema siasa hazimhusu. Wachache hao hao ndio wanaoamua.

Wazazi wanaweza kupeana zamu, kama wanavyopeana zamu ya kusindikiza watoto shule. Kila nyumba kumi zikimtuma mmoja, mkutano unakuwa na sauti. Aende na jambo moja lililoandikwa: mtaro upo wapi, umeziba tangu lini, watoto wangapi wanapita hapo kwenda shule. Barua ipelekwe kwa mtendaji, na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Picha ya simu yenye tarehe husaidia.

Vikao vya baraza la madiwani hufanyika kila robo mwaka na mwananchi anaruhusiwa kukaa na kusikiliza. Taarifa za mapato na matumizi zinapaswa kubandikwa kwenye mbao za matangazo. Na anayenyimwa taarifa ana Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayoitaka ofisi ya umma kujibu ndani ya siku 30.

Mambo haya yanawezekana, na Singida kuna ushahidi. Manispaa hii ilikuwa miongoni mwa miji 18 iliyoingizwa kwenye programu ya kuimarisha miji iliyofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia mwaka 2012. Programu hiyo ilitoa fedha kwa kuangalia utendaji: halmashauri ilipimwa kila mwaka, na mgawo wake ulitegemea alama zake. Halmashauri ikijua itapimwa, hujiandaa. Mkutano wa mtaa nao ni kipimo, ila hauna fedha za kutoa. Una kura.

Kalenda ya mzazi

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, lakini vipaumbele vya halmashauri huandaliwa miezi kadhaa kabla, na baraza hupitisha bajeti yake mapema mwaka unapoanza. Mtaro usiotajwa kwenye vikao vya mtaa na kata kabla ya hapo hausubiri mwezi mmoja, unasubiri mwaka mwingine mzima.

Hivyo mzazi wa Singida ana tarehe mbili za kuweka kwenye simu yake. Ya kwanza ni Septemba: kuuliza mitaro itazibuliwa lini kabla ya mvua, na nani atabeba mchanga ukishatolewa, kwa sababu mchanga ulioachwa pembeni hurudi mtaroni na mvua ya kwanza. Ya pili ni Novemba: kuhakikisha jambo la mtaa limeandikwa kabla bajeti haijafungwa.

Na nyumbani, kazi ni ile ile: kutotupa taka mtaroni, kufunika choo, kunawa mikono kwa sabuni, kumpa mtoto maji yaliyochemshwa, na kumwahisha kituo cha afya akiharisha, huku akipewa maji ya ORS njiani.

Jioni ya Septemba, ukingoni mwa Singidani, ziwa huwa limerudi nyuma na kuacha ukanda mweupe wa chumvi. Watoto hukimbia juu yake wakiacha nyayo. Mahali hapo hapo, Januari, patakuwa na maji yaliyoshuka kutoka mitaani kwao.