Umri wa Kweli

Kabla watoto hawajaanza kuniita mwalimu, niliitwa fundi, na Keko bado wananiita hivyo. Nilizaliwa Ikwiriri, Rufiji, kwa watu wa mbao. Mwaka 1994 mjomba wangu aliniita Dar es Salaam nijifunze useremala kwenye karakana yake ya Keko. Anayeijua Keko anazijua zile safu za vitanda na makabati kando ya barabara, vumbi la msasa na harufu ya vanishi. Nilianza kwa kufagia maranda, nikapewa randa, nikafundishwa kupima, na baada ya miaka kadhaa nikaaminiwa kumpokea mteja na kuandika oda yake mimi mwenyewe. Mjomba alikuwa mkali katika jambo moja kuliko yote: kila kilichopimwa kiandikwe. Hakutaka kusikia fundi anasema amekishika kichwani.

Mwaka 2003 mimi na mke wangu tulihamia Charambe, Mbagala. Mtoto wetu wa kwanza, wa kiume, alikuwa na miaka mitatu. Mbagala ya wakati ule ilikuwa bado na maeneo ya wazi ambayo leo yamejaa nyumba na fremu za maduka, na kila eneo lililobaki wazi lilikuwa uwanja. Jioni vumbi lilipanda hadi barabarani. Mpira ulikuwa wa matambara, wa nailoni, au wa duka kama mtaa umejaliwa.

Sikuingia kwenye ukocha kwa sababu ya mapenzi ya mpira peke yake. Aprili 29, 2009, ghala la silaha la jeshi lililipuka Mbagala. Watu zaidi ya ishirini walikufa na nyumba nyingi zilibomoka. Watoto wengi walikimbia wakapotezana na wazazi wao; siku nzima na usiku wake kina mama walizunguka wakitaja majina. Wiki zilizofuata, mlango ukigongwa kwa nguvu mwanangu alijificha chini ya meza. Wazazi wa mtaa wetu tulikaa kwenye kibaraza tukakubaliana jambo dogo: saa za jioni watoto wawe mahali pamoja, na awepo mtu mzima anayewajua kwa majina. Kijana aliyekuwa akiwachezesha alikuwa konda wa daladala, na muda wake haukuwa wake. Mimi kazi yangu ya oda ilikuwa inaniruhusu kuondoka karakana saa tisa. Nikaambiwa, "Baba, wewe utakaa nao." Nikakaa nao.

Siku za mwanzo nilichokitazama zaidi ni magoli, kwa macho ya seremala. Goli la watu wazima lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Kipa wa miaka tisa ukimweka hapo, mpira wowote wa juu ni bao, kwa hiyo watoto wote wanajifunza kupiga juu na kwa mbali, na hakuna anayejifunza pasi. Nikachukua mabaki ya mbao Keko, nikatengeneza magoli madogo ya kubebeka, mawili kwanza, kisha manne, nikaugawa uwanja. Mpira nao: namba 5 una mzingo wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450, na ukiloa mvua ya masika mguu wa mtoto unaumia. Tukachangishana tukanunua namba 4. Ndani ya miezi michache watoto waliokuwa wakikimbia wote nyuma ya mpira mmoja walianza kuinua kichwa na kutazama mwenzao yuko wapi. Hapo ndipo nilipoanza kuipenda kazi hii kwa dhati. Kumwona mtoto akituliza mpira, akatulia na yeye, akachagua pa kuupeleka, ni furaha ambayo sijaipata kwenye kabati lolote, na makabati mazuri nimetengeneza.

Baadaye nilihudhuria kozi ya awali ya ukocha, halafu leseni D ya CAF. Nilijifunza mengi, lakini lililonikaa ni kwamba mtoto wa chini ya miaka 12 hapangiwi namba moja akaganda nayo. Leo acheze beki, kesho winga, keshokutwa akae golini. Na nilijifunza kupanga ratiba pamoja na ustaadhi wa madrasa, maana Mbagala kocha asiyeijua saa ya madrasa atabaki uwanjani na koni zake.

Halafu yakaja mabonanza.

Bonanza la kwanza tulilopeleka watoto liliandikwa chini ya miaka 12. Zawadi ilikuwa seti ya jezi na mbuzi. Wapinzani wetu walishuka kwenye Fuso wakiimba, na mbele alikuwapo mmoja mwenye sauti nzito na ndevu zimeanza kuota kidevuni. Vijeba, waliozidi umri. Mtu wa mpira wa mchangani hahitaji kuelezwa. Mwanangu alikabana na mmoja wao, akarushwa, akainuka na mkono umevimba. Tulifungwa mabao mengi. Mwandaaji, nilipomwendea, aliniambia kwa upole kabisa, "Mwalimu, na wewe lete wako. Kila mtu analeta."

Nimeyatafakari maneno hayo kwa miaka. Hayakutoka kwa mtu mbaya. Alikuwa ameona, kama sisi sote, kwamba mtaa unataka ushindi, kwamba anayekuja kutazama vipaji anamtazama aliyefunga, na aliyefunga ni yule mwenye misuli. Tukafika mahali ambapo mtoto wa kweli wa miaka 12 hana pa kuchezea katika mashindano ya watoto wa miaka 12. Huo ni wizi, nao unafanywa mchana mbele ya wazazi wanaoshangilia.

Na si wa mchangani tu. Mwaka 2005 Tanzania ilifuzu fainali za vijana wa chini ya miaka 17 za Afrika, zilizofanyika Gambia, tukaondolewa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri, na Zimbabwe wakaenda badala yetu. Watoto waliokuwa na umri halali waliupoteza mwaka huo kwa kosa la watu wazima. Miaka 12 baadaye mambo yaligeuka. Kongo Brazzaville ilikuwa imeitoa Serengeti Boys, timu yetu ya umri huo, lakini TFF, shirikisho letu la soka, ikamlalamikia mchezaji wao mmoja, CAF ikaagiza akapimwe, hakuletwa, na nafasi ikawa yetu. Vijana wa kocha Bakari Shime wakaenda Gabon Mei 2017: suluhu na Mali, ushindi wa 2-1 dhidi ya Angola, halafu Niger wakatufunga 1-0. Kikosi kile kilikuwa cha waliozaliwa 2000 na kuendelea, rika la mwanangu. Nilizitazama mechi zile kwenye televisheni ya karakana, mashine zimezimwa, na mafundi wote kimya.

Kipimo chenyewe ni cha MRI. FIFA walianza kukitumia kwenye Kombe la Dunia la vijana la 2009 nchini Nigeria. Wanapiga picha kifundo cha mkono na kutazama mfupa: kwa kijana anayekua, ncha yake bado haijaungana na mfupa wenyewe. Ikishaungana kabisa, ni nadra sana mwenye mkono huo awe chini ya miaka 17. Mfupa hausikilizi hadithi. Aprili 2019 fainali za Afrika za vijana hao zilichezwa hapa hapa Dar es Salaam, Uwanja wa Taifa na Chamazi. Niliwapeleka watoto wangu wakaone tulivyofungwa 5-4 na Nigeria, mechi ambayo mpaka leo wanaisimulia kama walicheza wao. Guinea walifika fainali wakashindwa na Cameroon kwa penalti. Mwezi uliofuata CAF ikawaengua Guinea kwa umri wa wachezaji wawili, na tiketi yao ya Kombe la Dunia wakapewa Senegal.

Niliporudi kwenye daftari langu nilijua kazi yangu ni ipi. Tangu mwaka wa kwanza nilikuwa naandika, kama nilivyofundishwa Keko: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, namba ya cheti cha kuzaliwa kama kipo, kama hakipo nakala ya kadi ya kliniki, shule, darasa, siku aliyoanza mazoezi na siku aliyoacha. Wenzangu walinishangaa. Lakini tazama jinsi sheria za FIFA zinavyoenda. Mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kuanzia msimu wa miaka 12 hadi wa miaka 23. Miaka minne ya mwanzo, 12 hadi 15, kila mwaka ni robo ya asilimia moja ya ada yote. Iliyobaki, kila mwaka ni nusu. Ada ikiwa euro milioni moja, aliyemlea kwa mwaka mmoja akiwa na miaka 13 anastahili euro 2,500. Kwa kituo cha Mbagala fedha hiyo ni mipira ya miaka mingi. Sasa mpunguzie mtoto huyo miaka mitatu: ule mwaka wake wa 13 unageuka wa 10, na kwenye hesabu ya FIFA hauna thamani yoyote. Tena lazima mtoto awe ameandikishwa rasmi, kwenye timu iliyosajiliwa, kwa tarehe zinazolingana. Kituo kilichoghushi umri kimejipora chenyewe. Nimewaeleza haya makocha wengi wa Temeke, na fedha ndiyo iliyowafungua masikio wengine. Sijali mlango waliopitia, mradi wameingia.

Ila sababu yangu mimi si fedha. Mtoto ni kama mninga uliokatwa jana: ukiulazimisha uwe kitanda kabla haujakauka, utapinda, na hakuna gundi itakayourudisha.

Alikuja bwana mmoja karakana, nadhifu, mwenye maneno laini. Alikuwa na mpango wa kuwapeleka vijana nje ya nchi. Alimtaka mmoja wa viungo wangu, kijana aliyezaliwa 2004, na mama yake alikuwapo.

"Mwalimu, huyu tumrudishe miaka mitatu tu. Mwili mdogo, nani atajua? Ataanza darasa la tano upya, kwa jina jingine. Gharama zote juu yangu."

Mama akanigeukia. "Mwalimu, wewe unasemaje?"

"Mama, akiumia goti akiwa na jina hilo jingine, cheti cha kidato cha nne kitaandikwa jina la nani? Na FIFA wenyewe hawaruhusu mtoto wa chini ya miaka 18 kuhamishiwa nchi nyingine kucheza, isipokuwa kwa sababu chache sana. Sasa unampunguzia umri ili aende nje, wakati kwa umri huo mpya haruhusiwi kwenda. Mwulize bwana huyu anampeleka kwa njia ipi."

Bwana yule hakujibu hilo. Mama alikiweka cheti cha kuzaliwa cha mwanawe kwenye pochi, akashika njia. Lakini wazazi wengine waliwatoa watoto wao wakamfuata, na msimu ule tulicheza na wachezaji pungufu. Baadhi ya watoto wale walirudi Mbagala baada ya muda, wakubwa kwa shule ya msingi na bila cheti chochote chenye jina lao. Kuna mmoja nimemchukua karakana. Mkono wake kwenye randa ni mzuri.

Watoto hutajiwa Mbwana Samatta kila siku, na ni haki: ni kijana wa Mbagala, alipita African Lyon, iliyokuwa ikiitwa Mbagala Market, akaenda Simba, TP Mazembe mwaka 2011, Genk, mpaka Aston Villa mwaka 2020. Mimi nawataka watazame jambo jingine kwake: alipanda ngazi moja moja, na alipotua Genk alikuwa na miaka 23, mtu mzima.

Binti yangu, wa 2006, ndiye aliyenifungulia kundi la wasichana. Alikuja uwanjani na wenzake watatu wakasema wamechoka kuokota mipira. Kina baba walinung'unika, bibi yake zaidi. Oktoba 2022 Serengeti Girls, wasichana wetu wa chini ya miaka 17, walicheza Kombe la Dunia India, timu ya kwanza ya taifa letu kufika huko kwa umri wowote, na kocha akiwa tena Bakari Shime. Wakafungwa 4-0 na Japani, wakawapiga Ufaransa 2-1, wakatoka 1-1 na Canada, na kuingia robo fainali. Bibi alitazama mechi ya Ufaransa mpaka mwisho, na Jumatatu yake alimshonea mjukuu wake suruali ndefu ya kuvaa chini ya bukta.

Mwanangu hakuwa mchezaji wa kulipwa. Alicheza UMISSETA, akasomea umeme VETA Chang'ombe, na jioni ananisaidia makipa. Anaijua tarehe yake ya kuzaliwa na anaitaja bila kufikiri.

Sasa tuna makubaliano, makocha kadhaa wa Charambe, Chamazi, Mbande na Kijichi. Mechi za watoto hazina mbuzi wala kombe. Kabla ya filimbi, kadi za kliniki na vyeti vinawekwa mezani, kocha wa upande wa pili anavisoma. Wapo waliojitoa wakidai tunawadharau. Wapo walioomba kuingia. Msimu huu tunaandikisha waliozaliwa 2013 na kuendelea. Baadhi hawana cheti cha kuzaliwa, na kadi za kliniki za wengine zililiwa na mafuriko. Nimezungumza na wazazi wao, nimemwomba mwenyekiti wa mtaa atupe barua, na tumepanga kwenda pamoja ofisi ya RITA ya wilaya kuomba vyeti. Asubuhi hiyo karakana itafungwa, na mteja wa kabati la milango sita ameshakubali kusubiri.